Mkufunzi wa Pumzi

Ukimwuliza mtu yeyote aliyewahi kupita mikononi mwake, kitu cha kwanza atakachokutajia ni kicheko chake. Hakikuanzia mdomoni kama vicheko vya watu wengine. Kilianzia tumboni, kikapanda kikitikisa mabega, na kilipotoka nje kilikuwa kimeshapata nguvu ya kugeuza vichwa vya behewa zima. Kwenye treni za Stockholm watu hukaa kimya kana kwamba wanasubiri matokeo ya mtihani, kwa hiyo kicheko kile kilikuwa tukio. Niliwahi kumwona mzee mmoja wa Kiswidi akivua vipokea sauti vyake masikioni, akamtazama kwa muda, akatabasamu, kisha akavivaa tena taratibu.

Sisi wanafunzi wake tulimwita Mkufunzi, na baada ya muda kanisani nako wakamwita hivyo, hata padri. Alikuwa Mkenya, mnene kiasi, mwenye miguu midogo iliyokuwa na haraka ya peke yake. Wiki moja alikuwa angani, akiongoza wahudumu wa ndege za watalii wanaokimbilia jua la kusini. Wiki nyingine alikuwa kwenye ukumbi wa mafunzo karibu na uwanja wa ndege, kaskazini mwa jiji, akitufundisha sisi wageni wa kazi. Ndani ya ukumbi ule kulikuwa na kipande cha ndege kuukuu kilichowekwa juu ya vyuma, kikiwa na viti, milango na maski za oksijeni, ila hakina mabawa wala mkia. Alikiita "nyumba yangu ya mashambani".

Alifundisha kuzima moto, kufungua milango, kutuliza walevi. Lakini somo lake la moyoni lilikuwa hewa. Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya nje ni nyembamba na haimtoshi mtu, kwa hiyo mitambo husukuma hewa ndani na kuibana ili abiria wapumue kama watu walio chini. Presha hiyo ikipungua, kila kitu kinabadilika. Vitabu vya mafunzo vilieleza jambo hili kwa kurasa nyingi. Yeye alilieleza hivi: "Ndege ni tairi lenye watu ndani. Tairi likipasuka, mtasikia, hata asiye na akili atasikia. Mimi naogopa tairi linalovuja polepole, kwa sababu mtaendelea na safari mkipiga soga."

Nilifika mbele yake nikiwa nimechoka kusafisha ofisi za mtaa wa Kista. Mume wangu alikuwa amekuja kusoma, mimi nikamfuata, nikajifunza Kiswidi kwa kuwasikiliza watu waliozungumza juu ya kichwa changu nikiwa nimeinama na kitambaa. Siku niliyopata nafasi ya mafunzo ya uhudumu wa ndege niliona kama nimeokota mwezi. Mkufunzi alinitazama, akanisikia lafudhi, akabadili lugha papo hapo.

"Wewe unatoka wapi?"

"Morogoro, Mama."

"Mtanzania! Basi shida yako naijua tayari. Nyinyi mna upole mwingi sana. Abiria akizimia utamwambia, samahani ndugu, naomba uamke." Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Hapa utajifunza kuamrisha watu."

Na kweli shida yangu ilikuwa hiyo. Alinisimamisha katikati ya viti, wenzangu wakiwa wamekaa kama abiria, akanitaka nipige kelele kwa Kiswidi: vaa maski, vuta pumzi, kaa chini. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mara ya pili nikaongeza "tafadhali". Mkufunzi akaja hadi nilipo, akaniwekea mkono tumboni.

"Toa sauti kutoka hapa. Hiyo tafadhali yako iache nyumbani kwa mume wako. Hewa haisubiri tafadhali."

Nilipopiga kelele ya kweli, mmoja wa wenzangu alishtuka, akaangusha kikombe cha kahawa. Mkufunzi alipiga makofi kama amenizaa.

Alikuwa na zoezi moja ambalo lilitufuata hata nje ya ukumbi. Wakati wowote, tukiwa tunakula au tunavua makoti, aliweza kuita ghafla: "Presha!" Hapo kila mmoja alipaswa kukaa mahali pa karibu zaidi, hata kama ni sakafuni, na kujivisha maski ya kufikirika kabla ya kumtazama mwenzake. Ukimkimbilia mwenzako kwanza, umefeli. "Ukizimia wewe, mwenzako atavishwa na nani? Na marehemu?" Tulizoea mpaka miili yetu ikawa inakaa yenyewe.

Basi siku ya sherehe ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza, tulikodi ukumbi huko Södertälje. Foleni ya pilau ilikuwa ndefu, Wakongomani wamekaa upande wa muziki, Warundi wanabishana na Watanzania juu ya mpira, na Mkufunzi alikuwa jikoni akisaidia kupasha maharage kwenye sufuria kubwa ya kupikia kwa mvuke. Mfuniko ukaanza kurukaruka. Akawapigia kelele wanawake wenzake wasogee: "Presha! Presha!"

Ukumbini, kila aliyewahi kufundishwa naye alikaa chini. Mmoja alikaa kwenye ngazi za jukwaa. Mwingine, msichana wa Kiganda aliyekuwa na sahani mkononi, alikaa juu ya mapaja ya padri, akajishika pua na mdomo kwa kiganja kama alivyofundishwa, na pilau yote ikabaki salama kwenye sahani. Mimi nilikaa sakafuni na gauni langu jeupe. Mkufunzi alitokea mlangoni na mwiko, akatuona tulivyotapakaa, na kicheko kilichofuata kilimwamsha mtoto aliyebatizwa.

Padri alisema, "Mkufunzi, mwanafunzi wako amefaulu."

"Amefaulu, Baba," akajibu akifuta machozi. "Lakini sasa mruhusu ainuke."

Ungedhani mtu wa namna hiyo hana woga. Alikuwa nao, tena wa ajabu. Mwanamke aliyekula chakula chake cha mchana juu ya mawingu aliogopa lifti. Alikaa ghorofa ya juu kwenye jengo moja la Sundbyberg na alipanda ngazi kila siku akiwa na mifuko ya sokoni, akipumzika kila kituo na kuzungumza na mifuko. Barazani kwake hakukanyaga. Maua yake ya barazani yalimwagiliwa na wageni. Ukienda kumsalimia ulipewa chai, halafu kopo la maji. "Nisaidie hapo nje, mwanangu. Mimi nikiangalia chini nasikia kizunguzungu." Nikamwuliza mara moja mbona ndani ya ndege hasikii. Alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Kwani ndege ina baraza?"

Ardhini alichelewa kila mahali. Harusini alifika watu wanakata keki, na mazishini alifika watu wananawa mikono. Lakini kazini sikuwahi kumsikia amechelewa, na alikuwa mkali mno kwa anayechelewa. Mwanawe wa kiume, aliyezaliwa na kukulia huku, alimkumbusha jambo hilo mbele ya wageni kwa Kiswidi. Yeye alimjibu kwa Kiswahili. Ndivyo walivyoishi: mama anasema hivi, mtoto anajibu vile, na hakuna aliyepotea. Mama alipoanza kuimba jikoni, kijana alilalamika, "Sluta, mamma," yaani acha, mama. Naye alisema, "Sluta mwenyewe," akaongeza sauti. Aliimba vibaya. Kwaya ilimweka nyuma karibu na mlango, naye aliamini wamemweka hapo kwa sababu ana sauti inayofika mbali.

Kati ya maneno yake yote, lililonibakia zaidi ni lile la furaha. Alitueleza kwamba mtu anayeishiwa na hewa polepole hasikii maumivu. Anasikia raha. Anakuwa kama amekunywa glasi moja ya divai: kila kitu kizuri, kila mtu rafiki, hakuna haja ya haraka. Ndiyo maana ni hatari. Kisha alituambia, na yeye mwenyewe akiwa mtu wa kucheka kutwa nzima: "Ukijikuta unafurahi bila sababu ukiwa angani, shika maski. Ukijikuta unafurahi bila sababu ukiwa ardhini, mshukuru Mungu na uendelee."

Wengi waliliandika kama utani. Mimi niliishi nalo siku moja, na sitalisahau.

Tulikuwa tumeondoka Stockholm asubuhi kwenda visiwa vya kusini. Ndege ilijaa familia, kofia za majani, watoto waliokwisha vaa miwani ya jua huku nje kuna theluji. Mkufunzi alikuwa mbele, kiongozi wetu. Mimi nilikuwa jiko la nyuma pamoja na kijana wa Kiswidi aitwaye Jonas, mpole, mwenye mikono mirefu. Tulikuwa tumeshafika juu, tunaandaa kigari cha kahawa. Niliona pakiti za krispi zimevimba. Huwa zinavimba kidogo kila safari, lakini siku hiyo zilivimba kama vyura wenye hasira. Jonas alichukua moja, akaibonyeza kwa kidole, ikapasuka. Tukacheka. Kisha kijiko kikamponyoka, kikaanguka, tukacheka zaidi. Nakumbuka niliwaza kwamba Jonas ni kijana mzuri mno, na kwamba kijiko kile kilianguka kwa namna ya kupendeza. Sikuwa na wasiwasi wowote duniani.

Simu ya ndani ikalia. Ilikuwa Mkufunzi.

"Mtanzania, huko nyuma kuna harusi?"

"Hapana, Mama. Ni kijiko."

"Kijiko kimefanya nini?"

"Kimeanguka." Nikaanza kucheka tena.

"Kimeanguka, halafu?"

"Kimeanguka tu, Mama."

Baadaye alinieleza kwamba hata yeye, huko mbele, alikuwa ameshasikia masikio yakimvuta na kichwa kikiwa chepesi, akadhani ni mafua. Kicheko changu ndicho kilichomfumbua macho, kwa sababu alinijua: mimi sicheki kazini.

"Nitajie siku za wiki kurudi nyuma. Anzia Jumapili."

"Jumapili. Jumamosi. Ijumaa." Nikakwama. Nilitafuta siku iliyo kabla ya Ijumaa kama mtu anayetafuta funguo gizani, na hata hilo lilinichekesha.

Sauti yake ikabadilika. Ikatoka kule chini alikoniwekea mkono siku ya kwanza.

"Presha! Kaa. Chupa ya oksijeni, wewe kwanza, halafu yeye. Sasa hivi."

Akili yangu haikuelewa, lakini mwili ulikaa. Mkono ulienda wenyewe kwenye chupa iliyofungwa kando ya kiti, ukafungua, ukanivisha maski. Nilivuta pumzi chache, na dunia ikarudi ghafla kama taa iliyowashwa: Alhamisi. Siku ile inaitwa Alhamisi. Na woga ukaja nayo. Nilimshika Jonas, ambaye bado alikuwa anakitabasamia kijiko, nikamketisha, nikamvisha yake.

Huko mbele Mkufunzi alikuwa ameshawapigia marubani. Kapteni alituambia baadaye kwamba simu ya Mkufunzi na honi ya tahadhari vililia karibu pamoja, na kwamba hajui kipi kilimgutusha zaidi. Vali moja inayotoa hewa ya ndani ilikuwa imekwama wazi, na hewa ilikuwa inatuvuja taratibu tangu tulipopanda. Marubani walivaa maski zao, na ndege ikainamisha pua. Wakati huohuo dari ikafunguka juu ya viti vyote, na maski za abiria zikaanguka zikining'inia kwa mirija yake, mistari na mistari, kama matunda ya njano.

Watu walipiga mayowe. Ndege ikishuka kwa haraka namna ile, tumbo linabaki juu na wewe unaenda chini. Nilikuwa nimefungwa mkanda kwenye kiti changu cha kukunja, siwezi kumfikia mtu yeyote, na nilichobaki nacho ni sauti. Nikapiga kelele bila tafadhali: vaa maski, vuta pumzi! Kutoka mbele nilimsikia Mkufunzi kwenye kipaza sauti, akiinua maski kusema neno, akiirudisha kuvuta hewa, bila kutetereka. Baba mmoja katikati ya ndege alikuwa anahangaika na binti yake mdogo, anamvisha maski, mtoto anaivua kwa kulia, na maski yake mwenyewe inacheza juu ya kichwa chake. Mikono yake ilianza kulegea.

"Baba mwenye fulana ya kijani!" Mkufunzi akaita kwa Kiswidi, na ndege nzima ikasikia. "Wewe kwanza! Wewe kwanza, halafu yeye!"

Yule baba akageuka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akavuta maski yake, akajivisha, akavuta pumzi. Kisha akamvisha mtoto kwa utulivu, na safari hii mtoto akaiacha.

Tulishuka, tukashuka, mpaka nikaona kupitia dirisha dogo mashamba na barabara, karibu kuliko yanavyopaswa kuwa wakati wa safari. Ndege ikajinyoosha. Kapteni akatangaza kwamba sasa hewa inatosha, tunaweza kuvua maski, na tutatua kwenye mji mmoja wa Ujerumani. Hapo Mkufunzi akainuka. Kulingana na kanuni ilibidi tupite kiti kwa kiti kuangalia kama kila mtu yuko sawa. Yeye alikuwa na njia yake: alimshika kila mtu bega, akamwuliza jina lake na kitu cha kwanza atakachokula akifika. Asiyeweza kujibu vizuri, anapewa oksijeni zaidi.

"Pweza wa kuchoma," akasema mama mmoja.

"Aiskrimu," akasema binti wa yule baba.

Bibi mmoja wa Kiswidi, mweupe wa nywele, alisema kwa ukali, "Nitakunywa ile kahawa ambayo mpaka sasa hamjaniletea."

Nilisikia kile kicheko kikianza huko mbele, kikapanda. Bibi mwenyewe akaanza kucheka, mumewe akafuata, na kikasambaa safu kwa safu mpaka kikatufikia sisi huku nyuma, Jonas na mimi, tukicheka huku tunalia. Safari hii tulikuwa na sababu.

Nilipomkaribia baada ya kutua, aligeuza kichwa na kuniambia, "Sema upande huu." Ndipo nilipoona damu kidogo kwenye kola ya shati lake.

Hapa naeleza jambo ambalo yeye hakulificha kamwe. Katika mambo yote aliyotukataza, kubwa lilikuwa kuruka ukiwa na mafua, kwa sababu njia za masikio zikiziba, presha ikibadilika ghafla, sikio linaumia. Alimrudisha nyumbani mtu kwa chafya moja. Na siku ile yeye mwenyewe alikuwa na mafua. Mwenzake mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, akamwomba ampokee zamu, naye akaona ni kamafua kadogo tu. Sikio la kushoto halikurudi tena. Madaktari walijaribu, wakasubiri, wakajaribu tena, kisha wakamwambia kwamba kazi ya angani imekwisha.

Kuna majira ya baridi ambayo hakucheka. Nilienda kwake na mtoto mgongoni, akatupokea, akapika, lakini alikaa amegeuza kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Alichoka kuwaambia watu warudie. Mwanawe alinipigia simu siku moja akaniambia kwa Kiswidi kwamba mama haimbi tena jikoni, na kwamba hakuwahi kudhani atalikosa jambo lile.

Kisha ukumbi wa mafunzo ukampa kazi ya kudumu, na kipande kile cha ndege kisicho na mabawa kikawa ndege yake. Nilienda kumsikiliza darasa la kwanza. Alisimama mbele ya vijana, akajigusa sikio la kushoto, akasema: "Leo nawafundisha kwa mfano. Mfano mbaya ni mimi." Akawaeleza yote, mafua, zamu, damu, bila kujipunguzia. Halafu akaendelea, "Faida ni kwamba mkitaka kunisengenya, kaeni upande huu." Ukumbi ukalipuka, naye akalipuka nao, na mimi niliyekuwa nyuma nikajua amerudi.

Tangu hapo alifundisha watu wengi kuliko aliowahi kuwafundisha zamani. Jonas ni mmoja wa wakufunzi siku hizi. Mimi ni kiongozi wa wahudumu, na vijana wapya wakija zamu yangu nawauliza siku za wiki kurudi nyuma. Wengine wanadhani ni mila ya Morogoro.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Mkufunzi alinipigia. Alikuwa amestaafu. Hospitalini walikuwa wamempa kifaa cha aina mpya cha kusaidia kusikia, kinachochukua sauti za upande ule uliokufa na kuzileta upande ulio hai, na alikuwa amekivaa siku chache. "Ukuje," akasema. "Nataka kutembea na mtu."

Nilimkuta chini, mbele ya jengo lake, amevaa kofia ya sufu iliyopandishwa juu ili kifaa kisizibwe. Alinisimulia njiani mambo aliyoyagundua: friji yake hunung'unika, koti lake lina kelele, na bomba la bafuni lilikuwa likidondosha maji pengine miaka yote ile. Tulizunguka jengo taratibu. Kwenye kona, upande wetu wa kushoto, kuna benchi, na juu yake alikuwa amekaa mwanamke mzee wa Kiswidi, jirani, mwenye paka kwenye kamba. Mkufunzi alipita huku anaongea, anatazama mbele.

"Hej hej," akasema yule mwanamke, kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetegemea kitu.

Mkufunzi akasimama. Akageuka kushoto, polepole, mwili mzima.

"Umesema nini?" akauliza kwa Kiswidi.

Yule mwanamke akashtuka. "Nimekusalimia."

"Huwa unanisalimia?"

"Kila asubuhi," akasema. "Ukienda dukani. Nilidhani hupendi watu."

"Tangu lini?"

Mwanamke akafikiri, akimpapasa paka. "Nilipohamia hapa. Miaka kadhaa sasa."

Mkufunzi aliweka mkono kifuani. Nilidhani atalia, na nadhani alikaribia. "Miaka kadhaa!" akaniambia mimi kwa Kiswahili. "Mtu ananiamkia kila siku ya Mungu, na mimi napita kama basi!" Akamgeukia tena, akajigusa sikio, akaeleza kwa maneno machache. Yule mwanamke akafunika mdomo kwa kiganja, halafu macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

Na hapo Mkufunzi akakaa kwenye lile benchi. Alichukua mkono wa jirani yake kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya kwetu, akaanza. Umeamkaje? Nyumbani je? Magoti yanakusumbuaje na baridi hii? Watoto unao? Wako wapi, wanakupigia simu? Paka anakula? Mwanamke, ambaye nadhani hajawahi kuulizwa maswali mengi hivyo na mtu asiye daktari, alianza kwa kujibu neno moja moja, kisha mawili, kisha akafungua kifungo cha juu cha koti na kuanza kueleza habari za mwanawe aliyeko kaskazini.

Nilimwambia Mkufunzi tumalize mzunguko, maana upepo ulikuwa unauma na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

"Wewe tangulia juu uchemshe chai," akasema Mkufunzi bila kugeuka, akinipa funguo. "Tuko watatu. Huyu ananidai salamu za asubuhi nyingi, na bado niko kwenye zile za mwaka wa kwanza."